Walalamikiao Simu na Kukimbia Vikao

Hakuna mwenye imani anayehitaji kuthibitishiwa kwamba Mola aliwaumba wanadamu wasaidiane. Hata hivyo, inachusha kuwaona wakazi wa Kitengela na kaunti nzima ya Kajiado, watu werevu na wachapakazi waliogeuza mbuga kuwa mji kwa jasho lao, wakiwa hodari wa kulalamikia simu na wazito wa kuhudhuria kikao chochote kinachojadili mambo ya simu. Bando likiisha upesi wanalia, netiweki ikipotea wanalia, lakini wakialikwa kutoa maoni, swali la kwanza ni kama kutakuwa na nauli. Asiyekuwapo na lake halipo.

Na vikao hivyo huvuka mipaka, kwa kuwa simu haijawa kamwe shughuli ya nchi moja. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, yaani ITU, unaoratibu masafa, ambayo ni njia za mawimbi ya redio zinazobeba sauti na data, ulianzishwa Paris mwaka 1865 zama za telegrafu, na Kenya ikajiunga mwaka 1964. Mkutano wake mkuu wa mwaka 1982 ulifanyika Nairobi, kilomita 30 hivi kutoka Kitengela, na ndio uliozaa tume ya Sir Donald Maitland, ambayo ripoti yake iliwaaibisha wakubwa wa dunia kwa kueleza kwamba jiji la Tokyo peke yake lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika.

Katika mabaraza hayo ya kimataifa serikali ndiyo husema kwa niaba ya nchi, lakini husema vizuri zaidi ikiwa nyuma yake kuna chama cha wenye shughuli na watumiaji wanaojua kinapouma. Kenya ina mfano wa nguvu ya chama. Zamani barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi nyingine iliweza kuzungushwa Ulaya au Marekani kwa setilaiti, kwa gharama ya kutisha. Watoa huduma wa intaneti wakaunda chama chao, TESPOK, na mwaka 2000 wakafungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini. Kikafungwa baada ya muda mfupi kwa malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati huo. Wenye chama hawakurudi nyumbani kununa, bali walishikilia hoja yao hadi kituo kikafunguliwa tena mwaka 2002. Kampuni moja ingeweza nini? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kajiado ina sababu kubwa zaidi ya kuamka kwa kuwa inapakana na Tanzania. Mfanyabiashara wa ng'ombe akitoka Bisil kuteremka Namanga, simu yake inaweza kunasa mnara wa jirani angali upande wa Kenya, na salio likaliwa kwa bei ya mgeni. Mawimbi hayaombi pasipoti. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kupunguza tozo za kutumia laini ya nchi moja ndani ya nchi nyingine, lakini Tanzania haikuwamo katika kundi hilo la mwanzo. Nani aliyemsemea mwenye ng'ombe? Kimya hicho hakina udhuru: Wamaasai wa Kajiado, ambao wazee wao hukaa chini ya mti kutwa nzima hadi neno liishe, hawana haja ya kufundishwa kikao ni nini.

Na hapa haiwezekani kuwanyamazia wale wanaopanda matatu ya Kitengela na kupayuka kwenye simu mpaka abiria wote wanajua deni la shemeji yao. Debe tupu haliachi kuvuma. Sauti hiyo nene hutoweka mwenyekiti anapouliza nani ana hoja.

Mitaa mingi ya Kitengela tayari ina vyama vya wakazi vinavyokutana kuhusu maji, taka na usalama. Viongozi wake, waheshimiwa na wenye busara, waongeze mawasiliano kwenye ajenda, wawaalike wenzao wa Namanga na Loitokitok, na Mamlaka ya Mawasiliano inapotangaza wito wa maoni, waandike na kutia sahihi. Ushiriki wa wananchi umo katika kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010, na hautolewi kwa posho.