Gesi ya Mtungi Hutoka Wapi?

Mama mmoja wa Mbezi Luis aliniuliza: "Bwana Shamba, gesi ni yetu. Mbona mtungi ni ghali?"

Gesi yetu ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Ilianza kutumika mwaka 2004. Hupita katika bomba mpaka Dar es Salaam. Sehemu kubwa huendesha mitambo ya umeme. Gesi ya mtungi ni nyingine. Hiyo huletwa na meli, tena kwa fedha za kigeni.

Serikali inataka ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Mahitaji ya mitungi yatapanda. Nawe mchoma mkaa, tafuta zao jingine sasa. Usingoje magunia yakudodee barabarani.