Motokaa Mbili na Mfuko Mmoja

Juma hili tuweke kando mambo ya shule, tuzungumze juu ya motokaa. Hapa Lubumbashi nyumba nyingi zimefika mahali pa kuuliza swali moja. Fedha zimewekwa kidogo kidogo kwa miaka minne au mitano, nyingine katika likelemba, nyingine katika sanduku la mama. Sasa zinatosha kununua motokaa moja, lakini hazitoshi kununua ya pili kama ya kwanza itawashinda.

Mtu mmoja wa Katuba na mkewe wameniomba niwapimie motokaa mbili walizoonyeshwa. Zote mbili ni fupi, zimeinuka kidogo juu ya ardhi ili kupita katika mashimo yetu, na zimekwisha kutumika huko Japani kabla ya kuvuka bahari. Ya kwanza ni Toyota RAV4 ya mwaka 2003, ya pili ni Toyota Rush ya mwaka 2007. Baba anaitaka Rush, kwa kuwa muuzaji amemwapia kwamba hainywi. Mama anauliza: Kama hainywi, basi faida hiyo itaturudishia lini fedha tutakazoongeza ili kuipata? Nasema wazi kwamba swali la mama ni bora kuliko kiapo cha muuzaji, nami nitalifuata hilo.

Kwanza tuzijue. RAV4 hiyo ni ya uzao wa pili, uliotengenezwa tangu mwaka 2000 hata 2005. Zile zilizouzwa Japani zilikuwa na injini za namna mbili: ya lita 1.8, inayozungusha magurudumu ya mbele tu, na ya lita 2.0. Rush ilitokea Japani mwanzoni mwa mwaka 2006. Waliyoiunda ni Daihatsu, na motokaa hiyo hiyo iliuzwa pia kwa jina la Daihatsu Be-go. Kwa hiyo mtu akionyeshwa Be-go kwa bei ndogo asiidharau, maana ni pacha wa Rush aliyevaa jina jingine. Injini yake ni ya lita 1.5, yenye nguvu za farasi 109. Msomaji asiichanganye na Rush ndefu ya viti saba iliyoundwa Indonesia. Hii yetu ina viti vitano, na baba wa watoto wanne ahesabu vichwa kabla ya kuhesabu lita.

Muuzaji husema: injini ndogo, kiu ndogo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mji wetu umekaa juu ya meta 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapa hewa ni nyepesi kuliko pwani, na injini isiyosukumiwa hewa kwa mtambo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ipakie Rush watu watano, weka nyuma magunia mawili ya unga, ushike njia ya Likasi, kilometa kama 120, nyuma ya malori yaliyobeba shaba. Kila mara utakapotaka kumpita mmoja, utakanyaga hadi chini, na injini italia. Wakati huo kiu yake haipungui sana kuliko ya kaka yake mkubwa. Faida ya injini ndogo huonekana mjini, katika mwendo wa polepole na mzigo mwepesi.

Sasa nizungumze na wale wanaotuonyesha karatasi za Japani. Humo imeandikwa kwamba motokaa huenda kilometa 13, 14 au 15 kwa lita moja. Hawakudanganya, lakini jueni namna walivyopima. Kipimo cha miaka ile, kilichotumika tangu 1991 na kilichoitwa 10-15, kilifanyika ndani ya chumba, motokaa ikizunguka juu ya magurudumu ya chuma bila kwenda popote. Hapakuwa na vumbi la Ruashi, wala tope la mwezi wa Januari, wala foleni ya asubuhi ya kuingia mjini. Wajapani wenyewe waliona kwamba kipimo hicho kinasifu kupita kiasi, wakaweka kingine kikali zaidi, nacho baadaye kikachukua nafasi ya kile cha zamani.

Tena kuna mtego katika namna ya kuhesabu, na wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hunaswa nao kila mara. Sisi huku tumezoea kuuliza: lita ngapi kwa kilometa 100? Wajapani huuliza: kilometa ngapi kwa lita moja? Yaonekana ni swali lile lile limegeuzwa tu. Lakini tazameni. Motokaa inayokwenda kilometa 8 kwa lita hunywa lita 12.5 katika kilometa 100, na inayokwenda kilometa 9 hunywa lita 11.1, tofauti ni lita 1.4. Motokaa ya kilometa 14 hunywa lita 7.1, na ya kilometa 15 hunywa 6.7, tofauti haifiki hata nusu lita. Kilometa moja ya nyongeza yaweza kuwa fedha nyingi au fedha kidogo, kadiri ya mahali unapoanzia. Basi geuzeni kila hesabu iwe lita kwa kilometa 100, ndipo mlinganishe.

Turudi kwa wenzetu wa Katuba. Ili hesabu ionekane, nitaweka namba za mfano. Kila mmoja aondoe zangu na kuweka zake, kwa maana bei za soko hazilali. Tuseme RAV4 inauzwa dola 7,500 na Rush dola 9,500, zote zikiwa zimekwisha kulipiwa forodha. Tuseme, katika mwendo wa mjini, RAV4 ya lita 2.0 hunywa lita 12 kwa kilometa 100, na Rush lita 10. Tena tuseme lita ya esansi ni dola moja na nusu. Bei hiyo huwekwa na serikali kwa kanda, nasi wa kusini tuna yetu, kwa kuwa mafuta yetu huja kwa malori kupitia Zambia.

Baba huenda kazini na kurudi, huwapeleka watoto shule, na jumamosi humfuata mama sokoni Kenya. Tumehesabu pamoja naye njia zote za juma, tukaongeza safari mbili tatu za Likasi kwa bibi yao: jumla ni kilometa 8,000 kwa mwaka. Tofauti ya lita 2 katika kila kilometa 100 inafanya lita 160 kwa mwaka, yaani dola 240. Lakini amelipa dola 2,000 zaidi ili apate Rush. Gawanyeni: inampasa kuendesha miaka minane na miezi minne kabla ya kurudishiwa fedha yake! Motokaa iliyoundwa mwaka 2007 itakuwa na umri gani siku hiyo, na itakuwa na mashimo mangapi chini ya miguu?

Lakini mchukue jirani yake, afanyaye biashara kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, akizunguka kilometa 30,000 kwa mwaka. Kama tofauti ikibaki ile ile, kwake ni lita 600, yaani dola 900 kila mwaka, na zile dola 2,000 zitarudi katika miaka miwili na miezi kama mitatu. Kwake Rush ni akili. Motokaa ni zile zile, bei ni zile zile. Zilizobadilika ni kilometa tu. Ndiyo sababu mtu akiniuliza, "Mwalimu, ipi ni rahisi?" nami namwuliza kwanza, "Unakwenda wapi, na mara ngapi?" Wengine hukasirika wakidhani nawapeleleza.

Je, basi watu wa Katuba wachukue RAV4? Ningesema ndiyo mara moja, kama si jambo moja lililofichwa chini ya kifuniko cha injini. RAV4 nyingi za lita 2.0 zilizouzwa Japani wakati ule zina injini iitwayo D-4, na herufi hizo huandikwa juu ya injini yenyewe. Maana yake ni kwamba esansi hurushwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu kubwa, badala ya kuchanganywa na hewa nje yake. Ilibuniwa ili ipunguze kiu, na kwa esansi safi hufanya kazi yake vizuri. Lakini pampu yake na midomo yake ya kurushia ni mambo madogo madogo, yaliyopimwa kwa uangalifu sana. Hayavumilii takataka, wala maji, wala mafuta ya taa. Nasi tunajua mafuta mengine hutoka wapi. Siku ya foleni ndefu kituoni, nani hajanunua kwa akina Kadhafi wa kando ya njia, katika chupa isiyojulikana ilibeba nini jana? Pampu ya namna hiyo ikifa, fundi wa mtaani hana dawa yake, na zile dola za tofauti zitakwenda hapo hapo. Injini ya Rush ni ya namna ya kawaida, esansi huingia pamoja na hewa. Nayo haipendi uchafu, lakini huuvumilia zaidi.

Wala msichanganye D-4 na D-4D. Hiyo ya pili hunywa mazuti, si esansi, na hupatikana katika RAV4 zilizouzwa Ulaya. Mtu akitia esansi humo, atarudi nyumbani kwa miguu.

Hizo za Ulaya zinanipa neno jingine. RAV4 ya uzao ule ule, ya esansi, lita 2.0, iliyouzwa Ulaya, haina ile D-4. Injini yake ni ya namna ya kawaida. Tena usukani wake uko kushoto. Sisi Wakongo tunaendesha upande wa kuume wa njia, lakini motokaa zetu nyingi huja kutoka Dar es Salaam, zikipita Tunduma na Zambia yote, safari ya karibu kilometa 2,000, na zimeundwa kwa nchi za kuendesha upande wa kushoto. Dereva aliyekaa kuume hawezi kuona mbele ya lori anapotaka kulipita; lazima atoe nje nusu ya motokaa kwanza, au amwulize aliyekaa kando yake, "Mama, njia iko wazi?" Nimemwona mtoto wa miaka kumi akipewa kazi hiyo katika njia ya Kasumbalesa. Hilo halimo katika hesabu ya lita, lakini mimi naliweka mbele ya lita.

Kwa hiyo nimewajibu hivi. Kwa kilometa zao 8,000, kiu ya Rush haiwezi kulipa bei ya Rush. Baba aondoe sababu hiyo kabisa moyoni. Kama akipata RAV4 ya injini ya kawaida na usukani wa kushoto, kwa bei iliyo karibu na ile ya mfano, aichukue, na tofauti iliyobaki wasiile: iwekwe kwa matairi, betri, na fundi. Kama iliyopo ni D-4 tu, nayo imekwisha kuzunguka mjini kwetu mwaka au zaidi na haijulikani ilinyweshwa nini, naona heri Rush au Be-go, si kwa sababu ya lita, bali kwa sababu ya pampu. Mama amekubali upesi. Baba bado anaitazama rangi.

Yeyote atakayoichagua, asiamini kiu aliyotajiwa mpaka aipime mwenyewe. Ajaze tangi kituoni mpaka bomba lijifunge lenyewe, aandike kilometa. Aende siku zake za kawaida hata zipite kilometa 300, arudi kwenye bomba lile lile, ajaze tena vile vile, na kusoma lita zilizoingia. Zikiingia lita 34 kwa kilometa 310, agawanye 34 kwa 310, azidishe kwa 100: ni lita 11 kamili, ukiacha chembe. Wako wauzaji wanaokubali mnunuzi aende Kipushi na kurudi ili ajaribu. Aende, maana masikio yatasikia springi na gia. Lakini asipime kiu kwa safari hiyo. Kilometa 60 ni chache mno: lita moja tu ikikosewa wakati wa kujaza, hesabu itapotoka kwa zaidi ya lita moja na nusu katika kila kilometa 100, na tofauti yote tuliyobishania hapa ni lita mbili.