Baka Jeupe Mdomoni, Mpenzi Kahamia Sebuleni

Haya wapenzi, mwezi huu tuongee jambo ambalo wengi wanalifunika kwa poda na mikono mirefu: mabaka meupe kwenye ngozi. Linaanza doa dogo pembeni ya mdomo, linafuata jingine kidoleni. Mwenzako ameona, hasemi kitu, ila mabusu yamepungua na siku hizi analala sebuleni eti anaangalia mpira. Ugomvi unakuja kabla hata hamjajua ni nini.

Jamani, si kila cheupe ni kimoja. Madoadoa ya kifuani na mgongoni, yanayotoa vigamba laini ukiyakwaruza, mara nyingi ni utangotango. Ni fangasi anayependa joto na jasho. Dawa ya fangasi inammaliza, ingawa rangi huchukua miezi kurudi. Baka lililofifia ambalo ukiligusa kwa pamba huhisi kitu, nenda hospitali bila kuchelewa. Huenda ni ukoma, nao unapona kabisa, na dawa zake ni bure.

Lakini baka jeupe pee, lisilo na vigamba, hasa kuzunguka macho, mdomo, vidole au sehemu za siri, huenda ni vitiligo. Hapa kinga ya mwili inazishambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hajarogwa mtu, wala hakuna aliyeleta kitu kutoka nje ya ndoa. Haiambukizi kwa busu, kwa taulo, wala kitandani. Michael Jackson alitangaza kwamba anayo mwaka 1993, na mwanamitindo Winnie Harlow amepanda majukwaa makubwa nayo. Mnaohofia watoto, wengi wanaozaliwa na mzazi mwenye vitiligo hawaipati.

Tiba ipo, ila inataka subira ya miezi. Kuna krimu za kutuliza kinga ya ngozi na kuna tiba ya mwanga. Uso kwa kawaida huitikia vizuri kuliko vidole. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruxolitinib kurudisha rangi. Daktari anaweza pia kupima tezi ya shingo, maana matatizo yake huenda sambamba na vitiligo. Mabaka yakinge na jua, yanaungua upesi. Na mkorogo wa kulinganisha rangi, achana nao! Baadhi ya kemikali za kung'arisha zinaua seli hizo hizo. Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, kwa hiyo wataalamu wapo.

Kwa wewe mwenza, maneno yanayotosha ni haya: "Nimeliona. Lini twende kwa daktari?" Mwenye baka anajua limeonekana. Anachosubiri ni kujua kama bado anapendwa.

Tukutane mwezi ujao!