Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mzazi aoneshwe hesabu kabla ya kutia saini

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Mheshimiwa,

Mzazi akishaambiwa kwamba mwanawe anahitaji upasuaji, iwe ni ngiri, vinyama vya puani, mdomo wazi au tundu kwenye moyo, humtafuta daktari kwa kuulizia. Humuuliza muuguzi anayefahamiana naye, shemeji aliyewahi kulaza mtoto, kundi la WhatsApp la ukoo. Mwisho hupewa jina la daktari bingwa na sifa kwamba ana mkono mzuri. Hospitali ya daktari huyo hufanya upasuaji wa aina ile mara ngapi kwa mwaka, kwa watoto wa umri gani, na wangapi hupata matatizo au hufariki, hayo kwa kawaida hana pa kuyasoma. Naomba jambo moja: kila hospitali inayopasua watoto itakiwe kutangaza hesabu hizo kila mwaka, na mzazi akabidhiwe karatasi ya hesabu hizo kwa Kiswahili siku kadhaa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa. Dharura sizihesabu. Mtoto ambaye utumbo umejifunga hawezi kusubiri karatasi.

Kwa nini jina la bingwa halitoshi? Utafiti mkubwa kuhusu upasuaji katika nchi 25 za Afrika, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018, ulionesha kwamba karibu vifo 95 katika kila 100 vilitokea baada ya upasuaji wenyewe kumalizika, katika siku zilizofuata. Kwa maneno mengine, mgonjwa alitoka thieta akiwa hai, kisha akafia wodini. Utafiti mwingine wa aina hiyo, wa mwaka 2024, ulifuatilia watoto zaidi ya 8,600 katika nchi 31 za bara hili. Waliofariki walikuwa 2.3 katika kila 100, takriban mara 11 ya nchi tajiri. Hesabu hizo hazipimi mkono wa mtu mmoja. Zinapima nani yuko zamu saa nane za usiku, kama oksijeni ipo, kama damu inapatikana, na kama kuna mtu anayetambua mapema kwamba mtoto anapumua kwa shida. Mzazi anayedhani anachagua daktari, kwa hakika anachagua hospitali nzima, na anaichagua gizani.

Katika hospitali hiyo, mtu anayesahaulika zaidi ni mtaalamu wa usingizi. Yeye ndiye anayepaswa kujua kama mtoto ana mafua au kikohozi wiki hiyo, kama ana selimundu, kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida kwa nusu kaputi, na uzito wa mtoto kwa kilo, maana dawa zake hukokotolewa kwa uzito. Ndiye pia anayepaswa kueleza habari ya kufunga: kwa kawaida chakula saa sita kabla ya usingizi, maziwa ya mama saa nne kabla, maji matupu saa mbili kabla. Mama akiambiwa tu "asile kitu" bila kupewa sababu, na ratiba ikasogea kutoka asubuhi hadi alasiri, huruma itamshinda na atampa mtoto uji kidogo. Akielezwa kwamba uji huo unaweza kupanda na kuingia mapafuni mtoto akiwa amelala, hatampa, na atakuwa wa kwanza kuuliza kama mtoto anaruhusiwa maji wakati ratiba ikichelewa. Kwa hiyo karatasi ninayoiomba iwe na kipengele cha mazungumzo haya, na saini ya aliyeyafanya.

Yapo yaliyokwisha kutokea kwingine yanayoonesha gharama ya kuzificha hesabu. Huko Bristol, Uingereza, uchunguzi wa umma ulioongozwa na Ian Kennedy uliripoti mwaka 2001 kwamba kati ya 1991 na 1995, watoto wa chini ya mwaka mmoja waliofariki baada ya upasuaji wa moyo walizidi kwa 30 hadi 35 idadi ambayo ingetarajiwa katika kituo cha kawaida nchini humo. Daktari wa usingizi, Stephen Bolsin, alikuwa ameziona dalili mapema, akakusanya takwimu na kuwaeleza wakubwa. Baadaye alihamia Australia. Takwimu hazikukosekana Bristol. Zilikuwapo tele, ila hazikufika kwa watu waliokuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kuzisoma, yaani wazazi. Leo nchi ile inatangaza, hospitali kwa hospitali, watoto wangapi wanakuwa hai siku 30 baada ya upasuaji wa moyo.

Madaktari watasema, na wana haki ya kusema, kwamba hesabu tupu humwonea anayepokea wagonjwa wagumu. Hospitali ya rufaa inayopelekewa kichanga wa kilo mbili haiwezi kulinganishwa na hospitali ya wilaya inayotengeneza ngiri za watoto wa miaka mitano, na tukizilinganisha hivyo, bingwa atajifunza kuwakataa walio hoi. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote. Waingereza walilijibu kwa kukokotoa matarajio ya kila hospitali kulingana na umri, uzito na aina ya kasoro ya watoto iliowapokea, na mwaka 2016 ikazinduliwa tovuti iliyoandaliwa pamoja na wazazi, inayowaeleza wazi kwamba takwimu hizo hazifai kupanga hospitali kwa namba, ya kwanza hadi ya mwisho. Nasi tusitangaze jina la daktari mmoja mmoja, maana idadi zitakuwa ndogo mno na bahati mbaya mbili zitamchafua mtu hodari. Tutangaze hospitali, kwa aina ya upasuaji, kwa jumla ya miaka mitatu.

Wengine watasema wazazi wataogopa na kukimbilia kwa waganga. Lakini huko wako tayari. Watoto wanakatwa vimeo na kung'olewa vinavyoitwa meno ya nailoni kwa sababu jirani alisema fulani anajua, na fulani haulizwi hesabu yoyote. Hofu hukua pale habari za thieta zinapofika mtaani kupitia msiba mmoja tu, bila wale mamia waliorudi nyumbani salama. Na mzazi wa Sumbawanga, je, asiye na mabingwa watano wa kuchagua? Bado ana uamuzi wa kufanya: ngiri isiyobana ifanyiwe hapa hapa, au aombe rufaa ya Mbeya na kutafuta nauli. Siku hizi anaufanya kwa uvumi.

Kuhusu gharama, sehemu kubwa ya kazi inafanyika tayari. Wauguzi hujaza vitabu vya thieta kila siku, na taarifa za MTUHA, mfumo wa taifa wa taarifa za huduma za afya, hupanda kila mwezi kutoka vituoni hadi wizarani. Kinachokosekana ni hatua ya kuzishusha taarifa hizo zirudi kwa wananchi, pamoja na kumfuatilia mtoto hadi siku ya 30, jambo ambalo kwa simu ya mkononi halihitaji mashine mpya. Nchi hii isijidharau katika mambo haya. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilipojaribiwa katika miji minane, Ifakara ulikuwa mmojawapo pamoja na London, Toronto na Seattle. Katika matokeo ya 2009 vifo katika hospitali zote nane kwa pamoja vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100. Wale walikuwa wa miaka 16 na kuendelea, lakini kilichothibitishwa ni kwamba hospitali ya vijijini mkoani Morogoro inaweza kuhesabu, na hesabu zake zikasomwa duniani kote.

Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Usingizi uliandikwa kwa kipindi cha 2018 hadi 2025. Katika mpango unaoufuata, naomba sharti hili liandikwe kwa tarehe: hospitali za rufaa za kanda na zile za kitaifa zianze, za mikoa zifuate baada ya miaka miwili, na hospitali itakayoshindwa kutoa karatasi hiyo isipangiwe upasuaji wa watoto usio wa dharura hadi itakapoitoa.

Wako katika ujenzi wa taifa.