Mwanzi wa Mzungu sanaa, wa babu ushamba?

 Mama, unisamehe mapema, leo nina hasira kidogo.

Dogo kaniandikia kuwa haendi tena kwa babu kujifunza kusuka dema. Eti mianzi ni ushamba, siku hizi ni waya. Na nasikia nyumbani mnamuunga mkono! Haya, sikilizeni.

Jumapili nilipita soko la vitu vya kale nikakuta fimbo kuukuu ya kuvulia samaki, ya mwanzi. Bei? Mamia ya pauni! Nikadhani mzee ananitania. Akanionesha kitako chake: pembe sita. Mwanzi wenyewe hutoka Guangdong, Uchina. Fundi anaupasua, ananyoosha vifundo kwa moto, anapiga randa kila kipande mpaka kiwe na pande tatu, kisha anaunga sita kwa gundi. Upande wa nje haupigwi randa, maana nguvu ya mwanzi iko huko. Na vifundo vinapishanishwa, fimbo isije ikakatikia hapo.

Hapa hapa London, kule Ealing, B. James & Son walikuwa wakiziunda fimbo alizobuni Richard Walker, yule aliyevua karpu wa ratili 44 mwaka 1952 kwa fimbo ya mwanzi. Samaki mwenyewe akahamishiwa London Zoo, akala raha! Baadaye zikaja fimbo za nyuzi za kioo, halafu za kaboni, watu wakaitupa mianzi. Leo wajukuu zao wanainunua tena kwa bei hiyo niliyowaambia.

Sasa babu hajui kupasua mwanzi? Hajui upande upi mgumu? Macho ya dema lake si pembe sita vile vile? Tofauti ni kwamba yeye hana duka Ulaya, basi.

Mtasema waya unadumu. Ni kweli, sibishi. Lakini dema la waya likipotea baharini linaendelea kuua samaki bila faida kwa mtu. La mwanzi linaoza, samaki wanatoka.

Babu macho yanaisha, na hapo kijijini mnajua wenyewe wamebaki wangapi. Dogo, nenda kesho alfajiri kabla hajashuka pwani. Nauli natuma leo. Ukikataa, ile simu uliyoniomba sahau.