KUINUA BODI SI KUINUA GARI



Wapo wenzetu wanaotaka tupachike magogo kati ya chesisi na bodi ya Land Rover ya ushirika, eti isikwame tena masika. Sisi tunasema hapana. Bodi itapanda, lakini difu itabaki pale pale, na difu ndiyo inayokwama. Difu huinuliwa na matairi marefu. Tena mbao hupasuka, boliti hulegea, mabomba ya breki huvutika. Gari refu, lenye magunia ya kahawa na watu juu yake, litapinduka upesi kwenye kona za milima ya Ngara. Wagonjwa wa kwenda Murgwanza tutawabeba na nini? Fedha inunue matairi. Mifereji ya barabara tuchimbe wenyewe, majembe tunayo.