Aje kiangazi

Ndugu mwandishi, historia ya Kasongo, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, na ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, umeieleza vizuri, lakini anayetaka kuja huku peke yake aanze na majira, si ramani. Aje Juni hadi Agosti. Mvua ikikolea, barabara ya Kasongo kwenda Kabambare ni tope tupu, na pikipiki husukumwa zaidi kuliko inavyopandwa. Upande wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, aulize usalama kila kituo. Akiambiwa ngoja, angoje. Abebe noti ndogo za faranga. Kiswahili chake kitamtosha, maana misafara ya zamani kutoka Ujiji ilipita hapahapa kuelekea Nyangwe, ikaiacha lugha hiyo. Na akikaribishwa bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kwa wenyeji Wabangubangu, tafadhali aketi, ale, awasikilize wazee.